Siku tano Kisumu kujifunza kukagua magereza: je, zilistahili pesa yangu?

Nililipa Sh24,000 kutoka mfukoni mwangu, pesa ya kustaafu, nikapanda matatu ya alfajiri kutoka Nakuru kupitia Kericho ili nifike Kisumu Jumapili kabla jua halijawa kali. Mtu akiniuliza kama kozi ya kuongoza ukaguzi huru wa magereza na korokoro inafaa, sitaki kumjibu kwa nyota tatu au nne. Nataka ajue anachonunua. Jina la shirika lililoiandaa silitaji, kwa kuwa nitaeleza na upungufu wao, na huo nimekwisha waandikia wenyewe kwa barua.

Mimi ni afisa wa afya ya umma mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nimekagua bucha, hoteli, shule za bweni na machinjio, Nakuru na huku Magharibi. Sokoni walituita bwana afya, na mimi mwanamke nikaitwa hivyo hivyo. Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu niliitwa kwenye kituo kimoja cha polisi ambako mahabusu watano walikuwa wanaharisha. Choo chao kilikuwa ndoo isiyo na kifuniko. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye jerikeni iliyokatwa mdomo, hatua moja kutoka kwenye ile ndoo. Niliandika ripoti ya kurasa mbili, nikaacha nakala mezani, nikaondoka. Wiki ile nilikuwa nakabidhi ofisi, basi sikurudi tena. Mwenye bucha niliyemwandikia ilani nilikuwa namrudia baada ya siku saba, naye alijua nitamrudia. Wale watu watano wa seli sikuwarudia, na jambo hilo limenikaa kifuani hadi leo. Ndilo lililonipeleka Kisumu.

Ukumbi ulikuwa Milimani, ghorofa ya pili, feni mbili na moja imekufa. Tulikuwa washiriki ishirini na wawili: mawakili vijana wa Kisumu na Kakamega, wasaidizi wa kisheria wa vijijini kutoka Bungoma na Busia, muuguzi wa Kitale, padri anayehudumia wafungwa, akina mama wawili ambao watoto wao wamewahi kukaa rimandi, na mzee mmoja aliyekuwa askari jela. Chakula kilikuja kwa wakati na kilikuwa kitamu; omena ya siku ya pili bado naikumbuka. Malazi unajilipia.

Siku ya kwanza ni ya sheria, na wakili aliyeifundisha alijua kazi yake. Alianza na Katiba ya 2010. Ibara ya 51 inasema mtu aliyezuiliwa au kufungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa ile ambayo haiwezi kabisa kwenda pamoja na kuzuiliwa kwake. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla saa 24 hazijapita, na muda huo ukiishia siku isiyo ya mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Hayo wengi wetu tulikuwa tunayajua. Nililokuwa sijalifikiria ni maana yake kwa mkaguzi. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani mpaka Jumatatu na sheria isiwe imevunjwa, kwa hiyo seli za polisi hujaa wikendi. Ukienda Jumatano saa nne asubuhi utakuta watu watatu na sakafu iliyooshwa. Mwanasheria yule alisema kwamba kama una siku moja tu ya kukagua kituo, nenda Jumapili usiku na tochi yako. Ushauri huo peke yake ulinirudishia sehemu ya pesa yangu.

Kisha akatuonyesha nani ana mlango. IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, chini ya sheria yake ya 2011 inakagua majengo ya polisi pamoja na seli. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu inaingia magerezani. Majaji na mahakimu wana haki yao ya kutembelea iliyo ndani ya Sheria ya Magereza yenyewe. Zipo pia Kamati za Watumiaji wa Mahakama, ambako hakimu, polisi, magereza, mawakili na wananchi hukaa meza moja. Mtu binafsi kama mimi hana mlango wake. Huingia chini ya mwavuli wa mwenye mamlaka, au kwa kibali. Alitusomea pia Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, linalotaka seli iwe safi, iwe na mwanga wa kutosha, choo, mahali pa kunawa na uwanja wa kutokea nje, wanawake watengwe na wanaume na watoto watengwe na watu wazima. Nilipolisikia nikaikumbuka ile ndoo. Sheria hiyo ilikuwepo siku niliyosimama mlangoni pale, na mimi niliandika ripoti yangu kwa kutumia vipimo vya hoteli kwa sababu sikuijua.

Mahali ambapo ukumbi ulinyamaza ni alipofika kwenye mikataba. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso mwaka 1997, na 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia Mateso. Lakini mkataba huo una Itifaki ya Hiari, nyongeza ambayo kila nchi huamua yenyewe kujiunga nayo, iliyopitishwa 2002 na kuanza kazi 2006. Hiyo ndiyo inayoilazimu nchi kuwa na chombo cha kuzungukia kila mahali ambapo watu wamezuiliwa, tena mara kwa mara, na kuwafungulia milango wakaguzi wa kimataifa. Burundi wamejiunga, Afrika Kusini wamejiunga. Sisi hatujairidhia. Kazi yetu ya ukaguzi iko vipande vipande, kila taasisi na kipande chake na bajeti yake, na hakuna aliyepewa jukumu la kurudi.

Siku ya pili walifundisha Kanuni za Nelson Mandela, viwango vya chini vya kuwatunza wafungwa, zile ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha Desemba 2015. Zipo 122, na mkaguzi azijue kwa moyo tatu za ukaguzi: ya 83, ya 84 na ya 85. Ya 84 inasema mkaguzi wa nje achague mwenyewe gereza la kwenda, aweze kwenda bila kutoa taarifa, achague mfungwa wa kuzungumza naye na wazungumze faraghani. Inataka pia timu iwe na watu wa afya, na iwe na wanawake na wanaume kwa uwiano. Nilipofika hapo pa afya nilinyoosha mgongo kwenye kiti.

Mkufunzi wa siku hiyo alitupitisha kwenye utaratibu wa wakaguzi wa magereza wa Uingereza na Wales, ambao wanalipima kila gereza kwa maswali manne: watu wako salama, wanaheshimiwa, wana shughuli ya maana ya kufanya, na wanaandaliwa kutoka? Nimeyachukua, kwa sababu kwa miaka yote mimi nilikuwa naangalia choo, maji na jiko, na sijawahi kuuliza mtu anashinda akifanya nini. Alitusimulia habari ya David Ramsbotham, aliyekuwa mpya katika kiti cha mkaguzi mkuu wao, ambaye Desemba 1995 aliiondoa timu yake katika gereza la wanawake la Holloway, London, kabla kazi haijaisha, kwa hali aliyoikuta mle ndani. Wakili mmoja kijana aliuliza, “Hapa kwetu nikitoka hivyo kwa hasira, wale ninaowaacha ndani watabaki na nani?” Mkufunzi alikiri kwamba hana jibu. Nilimheshimu kwa hilo, lakini swali lile lilihitaji mtu wa kukaa nalo, na halikupata.

Somo bora kuliko yote lilikuwa la vipimo. Walisogeza viti, wakachora kwa chaki sakafuni mstatili wa mita tatu kwa mita tatu na nusu hivi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa linapendekeza mita za mraba 3.4 kwa kila mtu katika chumba cha kulala watu wengi, kwa hiyo mstatili ule ni wa watu watatu. Watatu wakalala, wakanyoosha miguu, kila mmoja na nafasi ya kuweka viatu. Kisha mkufunzi akaongeza wa nne, wa tano, mpaka wa nane. Mimi nilikuwa wa saba. Ilibidi tulale ubavu, kifua cha mmoja mgongoni kwa mwenzake, na goti la yule muuguzi wa Kitale lilikuwa nyuma ya paja langu. Mzee askari jela alisimama pembeni akitutazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Sasa mmoja akitaka kugeuka, wote mnageuka.” Tukageuka. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja kati ya wale wawili aliinuka akatoka nje kwenye ngazi, na padri akamfuata. Nimehudhuria semina nyingi katika utumishi wangu na sikumbuki dakika kumi zilizonifundisha kama zile.

Kuhusu yule mzee. Hakuwa mkufunzi, alikuwa mshiriki kama mimi, amelipa kama mimi, na nusu ya niliyojifunza niliipata kwake wakati wa chai. Alinieleza jinsi gereza linavyojiandaa mgeni akitarajiwa. Wagonjwa na wanaosema sana hupelekwa shamba siku hiyo. Wafungwa huvalishwa kunguru, sare zao za jela, mpya kutoka stoo na kesho yake zinakusanywa. Nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake, huwekwa mstari wa mbele, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa na ndiye atakayejibu kwamba chakula kinatosha. Alinifundisha kuomba hesabu ya asubuhi kabla sijaketi kunywa soda ya mkuu wa gereza, kisha nizijumlishe wodi, yaani vyumba vya kulala wafungwa, mwenyewe. Tofauti ya watu ikitokea, niulize wako wapi.

Hakuwa akisema haya kwa kuwachukia wenzake. Alikuwa kazini wakati Moody Awori, mtu wa Funyula, alipokuwa Makamu wa Rais kuanzia 2003, na magodoro na televisheni vikaanza kuingia magerezani. “Milango ilipofunguliwa, Mama Afya,” aliniambia, “hata sisi askari tulipumua. Na sisi tunaishi ndani ya ua ule ule, maji yakikatika yanakatika kwetu pia.” Aliniomba nikikagua gereza lolote nipite na kwenye nyumba za askari, nione mtu anatoka kwenye hali gani anapoingia zamu ya usiku. Jambo hilo halikuwemo katika fomu yao ya kurasa kumi na nane. Mimi nimeliandika kwa kalamu kwenye yangu.

Siku ya nne ni ya mazoezi. Tulipelekwa kwenye gereza moja, na hapa lawama yangu ya kwanza inaanza: waandaaji walikuwa wamelipigia simu wiki mbili kabla. Nilipoegemea ukuta wa wodi, mkono wa sweta yangu ulitoka mweupe wa chokaa mbichi. Blanketi zote zilikuwa zimekunjwa sawasawa, na juu ya kila blanketi kulikuwa na kipande cha sabuni. Nilikiokota kimoja. Sabuni ya mche ikikatwa huacha kingo kali, na ikilowa mara moja tu kingo hulainika na uso hupata utelezi. Kile kilikuwa kikavu, kingo kali, na upande mmoja herufi za kiwandani zinasomeka zote. Nikaokota cha pili, cha tatu. Nilivipitia kumi na vinne na vyote vilikuwa hivyo. Nikaenda stoo kuomba daftari la kutolea vitu: sabuni ilitolewa asubuhi ile ile, na mara ya mwisho kabla ya hapo ni wiki saba nyuma. Nikatoka hapo nikaenda zahanati ya ndani, nikamwomba tabibu rejista ya wagonjwa, nikahesabu maradhi bila kuandika jina la mtu. Upele, upele, upele, kuhara, upele.

Hiyo ndiyo njia waliyotufundisha siku ya tatu, ya kuona kwa macho, kusikia kwa mdomo wa mtu na kusoma kwenye vitabu, kisha kuona kama vitatu hivyo vinakubaliana. Waliifundisha kwa picha za projekta na sikuielewa vizuri mpaka niliposhika ile sabuni. Na kitu kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakuna mfungwa aliyelazimika kufungua mdomo ili jambo lile lijulikane. Hakuna wa kuulizwa jioni, “Nani alisema hakuna sabuni?” Nilipoleta hoja hiyo kwenye majumuisho walinipigia makofi, wakapita kwenye mada inayofuata. Nilitamani tungebaki hapo mchana kutwa.

Maana hapo ndipo kozi hii ilipopungukiwa, na sitalizungukia. Somo la kumlinda mtu aliyezungumza na mkaguzi liliwekwa siku ya tano saa tisa alasiri, wakati watu wameshika tiketi za basi mkononi. Lilichukua dakika arobaini. Kanuni ya 57 ya zile za Mandela inataka mfungwa anayelalamika alindwe asilipiziwe kisasi, na mkufunzi aliisoma kwenye skrini, akauliza kama kuna swali, akaizima. Baada ya hapo hotuba na vyeti vilichukua saa mbili na nusu. Mgeni wa heshima alichelewa, tukamngoja. Mimi ningerudisha cheti changu wanipe saa hizo.

Kuhusu ziara ya pili hawakufundisha lolote. Fomu ina sehemu ya utangulizi, ya majengo, ya chakula, ya afya, ya mapendekezo, na mwishoni sahihi ya kiongozi wa timu. Hakuna mstari hata mmoja unaouliza timu itarudi tarehe ngapi. Niliuliza. Nikajibiwa kwamba hilo hutegemea ufadhili.

Lawama ndogo ni ya lugha. Karatasi zote na maswali yote ya mahojiano yalikuwa ya Kiingereza. Watu tutakaowahoji wanasema Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya, Kikalenjin, Kiteso. Tulikaa usiku wa siku ya tatu, mimi na wale wasaidizi wa kisheria wa Bungoma, tukatafsiri maswali kwa Kiswahili kwenye daftari la shule, na tukagundua mengine hayatafsiriki kwa sababu hayakuwa na maana tangu mwanzo. “Je, unaridhika na huduma?” Mtu amelala ubavu miezi minane unamuuliza anaridhika? Tuliandika badala yake, “Jana ulikula nini, saa ngapi, na kiasi gani?” Hilo linajibika.

Sasa nieleze kilichotokea baadaye, kwa kuwa kozi hujulikana kwenye kazi. Miezi miwili tangu nirudi Nakuru nilialikwa kuongoza timu ya watu watano, chini ya taasisi yenye mamlaka hayo kisheria, kwenye gereza moja lenye mahabusu wengi huko Magharibi. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila taarifa. Tuliwekwa langoni dakika hamsini. Hapa kozi ilinifaa kweli: tulikuwa tumefundishwa kutogombana, kuandika saa ya kufika, kuomba jina na cheo cha anayetuzuia, na kuuliza kwa upole tuandike sababu gani ya kuzuiwa. Nilipouliza swali hilo la tatu, lango lilifunguka.

Wodi niliyoipima mwenyewe ilikuwa mita 9.2 kwa 5.8. Usiku uliopita watu 61 walilala humo. Kwa kipimo cha 3.4 ingewatosha kumi na watano. Dirisha lilikuwa juu, dogo, na wavu wake umezibwa na vumbi. Kanuni ya 14 inataka mtu aweze kusomea kwa mwanga wa dirisha, nami nilifungua daftari langu katikati ya chumba saa nne asubuhi nisione mwandiko wangu. Nilimwita mkuu wa gereza aingie, nikampa lile daftari, nikamwomba asome. Alilitazama, akanitazama, akasema, “Mama, nimeelewa.” Nadhani alielewa. Wavu ulisafishwa kabla hatujaondoka, na hilo halikuhitaji bajeti ya mtu.

Kwa mahojiano tulikaa chini ya mti uani, mahali ambapo askari wanatuona lakini hawatusikii. Tulichagua watu kumi na wawili kwa kuhesabu kwenye rejista, kila wa ishirini, ili asionekane nani aliyejitokeza. Wa tano alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Aliketi, akaweka mikono katikati ya magoti. Nilimweleza sisi ni nani, kwamba jina lake haliandikwi, kwamba anaweza kukataa. Nikamuuliza jana alikula nini. Hakujibu. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, “Mama, mtarudi lini?”

Sikuwa na tarehe. Nilikuwa na cheti, fomu ya kurasa kumi na nane, futi, tochi, vitambulisho vitano vya kuning'iniza shingoni, na sikuwa na tarehe. Nilimwambia ukweli kwamba sijui. Akasema basi yeye hana la kusema, ila anashukuru kwa kutembelewa. Alisema kwa adabu, nami nilimwelewa kabisa.

Mchana ule niliiambia timu yangu kwamba hatusaini fomu mpaka tarehe iandikwe. Kulikuwa na ubishi, kwa sababu bajeti ilikuwa ya ziara moja. Tuliandika siku kumi na tisa mbele, na wawili wetu tukakubali kujilipia nauli. Niliiandika kwa kalamu ukurasa wa mwisho, chini ya sahihi yangu, na nikamwonyesha mkuu wa gereza. Kwamba tutarudi alijua. Siku yenyewe tuliibadilisha kimya kimya, tukaenda siku mbili mapema.

Tuliporudi nilianza na vitabu. Katika rejista ya wodi niliona kwamba watu wanne kati ya wale kumi na wawili walikuwa wamehamishwa siku moja baada ya sisi kuondoka. Wawili walipelekwa wodi ya wanaokohoa. Yule kijana alikuwa mmoja wao, yeye ambaye hakusema neno. Sababu ya kuhamishwa haikuandikwa popote. Mimi si daktari, ila kifua kikuu nimekifuatilia miaka mingi; kumlaza mtu asiye mgonjwa na wanaokohoa, dirisha likiwa lile, ni kumweka hatarini kwa makusudi au kwa uzembe, na kwangu ni mamoja. Nilimwomba tabibu aeleze kwa maandishi nani aliyeagiza na kwa ugonjwa gani. Hakukuwa na ugonjwa ulioandikwa. Taarifa ilipelekwa siku ile ile kwa taasisi iliyotutuma, na wote wanne walirudishwa wodi zao kabla ya jua kutua. Wawili wale walitolewa makohozi yapimwe. Majibu yalikuwa mazuri, namshukuru Mungu.

Tungemaliza kazi ile kama kozi ilivyotufundisha, ripoti yetu ingesema tulizungumza na mahabusu kumi na wawili na kwamba tulipewa ushirikiano. Maneno hayo yangekuwa ya kweli kila moja.

Nimewaandikia waandaaji barua ya kurasa tatu. Nimewaomba somo la kumlinda anayezungumza lihamishwe siku ya pili na lipewe nusu siku, ziara ya mazoezi iwe mbili kwa gereza moja, ya pili bila taarifa, na yule mzee aketi mbele na wakufunzi, alipwe. Wamenijibu kwa adabu kwamba la kwanza limekubaliwa na mengine yanajadiliwa.

Kwa anayefikiria kwenda: kama wewe ni muuguzi, tabibu, afisa wa afya, nenda, timu nyingi zina mawakili watupu. Kama una ndugu aliyewahi kufungwa, jua kwamba siku ya chaki sakafuni ni nzito, na hawakuonyi kabla. Ukilipa kabla ya mwezi kuisha wanakupunguzia Sh2,000. Beba futi yako ya chuma, ile wanayotoa ni ya kitambaa na inavutika. Beba sweta nyeusi. Chokaa mbichi inaonekana vizuri juu yake. Tafsiri maswali yako mapema kwa lugha ya watu unaokwenda kuwasikiliza. Na kabla hujatuma pesa, wapigie simu uulize kama safari hii ziara ya pili imo kwenye ratiba. Mimi wakiniambia imo, nitalipa tena.